Kumsomea Mwaitu Kando ya Zizi

Mtandao wa simu hapa Griftu una mahali unapopenda kukaa. Katika ploti ninayoishi haupendi chumbani kwangu, haupendi barazani, na bafuni ndiyo kabisa. Unapenda kona moja tu, kati ya zizi la mbuzi na jiko la mwenye nyumba, pale moshi wa kuni unapokutana na harufu ya mikojo ya mbuzi. Hapo ndipo nilipolazimika kusimama kila asubuhi, simu mdomoni na Biblia mkononi, nikimsomea mama yangu aliyekuwa nyumbani kwetu karibu na Mwingi. Wapo wanaosema kwamba kusoma neno la Mungu kunahitaji mahali patulivu. Mimi nimelisoma huku mbuzi akitafuna pindo la leso yangu, na lilisomeka.

Kazi yangu ni ya maabara katika hospitali ya serikali. Huku kila mwenye koti jeupe ni daktari, kwa hiyo naitwa daktari na nimechoka kubisha. Nachukua damu, naitazama kwenye darubini, nasema ni malaria au si malaria. Kazi hii imenifunza kutoamini mambo nusunusu, na kwa tabia mimi si mpole sana. Griftu ni mji wa soko la mifugo huku Wajir, watu wake ni Waislamu, na sisi Wakristo tuliotoka bara tunaweza kuketi wote kwenye mkeka mmoja na nafasi ikabaki. Kanisa la kuingia na kukaa kwenye benchi ni safari. Kama hujisomei mwenyewe, hakuna wa kukusomea.

Na kujisomea ndiko kulikokuwa kumenishinda. Mama yangu, Mwaitu kama tunavyosema Wakamba, alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la gumbaru, wakati sisi watoto wake tulikuwa tayari shuleni. Biblia ya Kiswahili ndiyo iliyokuwa kitabu chake cha kwanza, na hakutafuta cha pili. Kila alfajiri, kabla ya kuchukua mtungi, alisoma sura yake kwa sauti, kidole kikitembea chini ya maneno. Msiba ukiwapo, alisoma kisha akaenda msibani. Mavuno yakiwapo, alisoma kisha akaenda shambani. Akiufikia mwisho wa kitabu, alirudi mwanzo kama mtu aliyemaliza palizi ya kwanza na kuanza ya pili. Mimi niliyesomeshwa hadi chuo nilikuwa naanza kila Januari kwa mbio. Mwanzo napita, Kutoka napita, nikifika Mambo ya Walawi napotelea jangwani pamoja na Waisraeli. Mwaitu alikuwa akiifungua Biblia yangu, anatazama kurasa za mbele zilizochakaa na za nyuma zinazong'aa, kisha ananiuliza kama huko nyuma nimepapangisha.

Mvua za vuli zilipoanza, Mwaitu alianguka shambani akipanda kunde. Kiharusi. Kilimchukua mkono wa kulia na kikamchukua ulimi. Tulipomtoa hospitalini alikuwa amebakiwa na neno moja tu: haya. Ukimuuliza kama ana njaa, haya. Ukimuuliza kama anaumwa, haya. Akikasirika, haya ilitoka kali, na akitaka kulia ilitoka polepole, lakini ilikuwa ni ile ile. Daktari, huyu wa kweli, alitueleza vizuri. Alisema mama anaelewa kila kitu, na maneno yamo, ila njia ya kutokea imeziba. Tusimwache kimya. Tuzungumze naye, tumpe nafasi ya kujaribu, kwa sababu miezi hii ya kwanza ndiyo yenye matumaini makubwa. Ikipita bure, huenda akabaki hivyo hivyo.

Siku moja kabla sijarudi kazini, nilimpa Biblia yake. Aliifungua kwa mkono wa kushoto, akaitazama kwa muda mrefu. Kidole hakikujua pa kwenda. Herufi zilikuwa pale na yeye alikuwa pale, lakini hazikumwambia kitu. Akaifunga, akasema "haya," akageukia ukuta. Nimeona damu nyingi na vifo vingi, na sijaumia kama nilivyoumia siku ile. Huyu mama alipigania kusoma akiwa na watoto walio shuleni, na sasa alikuwa amenyang'anywa kusoma na kusema kwa siku moja.

"Nitamsomea mimi," nikamwambia mdogo wangu, ambaye ndiye anayekaa naye. "Kila asubuhi, kwa simu. Nitaanza Mwanzo."

Mdogo wangu alinitazama. "Wewe? Wa Walawi?"

"Mimi."

"Haya, tutaona," akasema, kisha akajiziba mdomo kwa aibu ya lile neno. Mwaitu kitandani akacheka. Alicheka kwa upande mmoja wa uso, lakini alicheka, nami nikapanda basi la Garissa nikiwa na uhakika kwamba mtu anayejua kucheka anaweza kurudishwa kusema.

Basi ndivyo nilivyojikuta kwenye kona ya mtandao. Mdogo wangu aliweka simu juu ya mto, akafungua spika, nami nikasoma. Siku za mwanzo nilisoma kwa sauti ya chini, kwa kuona haya. Jikoni, hatua chache kutoka niliposimama, alikuwako mwenye nyumba wangu, bibi wa Kisomali ambaye wajukuu wake humwita ayeyo, yaani nyanya, na ploti nzima humwita hivyo hivyo. Nilidhani hatapenda Biblia isomwe uani kwake. Asubuhi moja akatoa kichwa mlangoni.

"Daktari, wewe nasoma ama naiba?"

"Nasoma, Ayeyo. Namsomea mama, ni mgonjwa."

"Sasa kama ni kitabu ya Mungu, kwa nini nanong'ona? Mama ako mbali. Soma na sauti."

Tangu siku hiyo nikasoma kama mtu aliyelipa kodi. Nikamaliza Mwanzo, nikamaliza Kutoka, nikaingia Walawi nikiwa nimekaza meno. Siku nilipovuka kuingia Hesabu nilijipongeza kwa kikombe kikubwa cha chai ya maziwa ya ngamia. Kila mwisho wa sura niliuliza, "Umesikia, Mwaitu?" na kutoka Mwingi ikaja ile "haya." Sikulegea. Nilijiambia kwamba mbegu hailaumiwi kwa kutoonekana juma la kwanza.

Kisha mnara wa simu ukachomwa. Watu wasiojulikana walikuja, wakafanya waliyoyafanya, wakaondoka, na kulipokucha simu zote za Griftu zilikuwa tochi. Siku za kwanza tulidhani ni jambo la kupita. Juma likapita, jingine likapita, mafundi hawakuonekana kwa sababu barabara haikuwa salama. Nilikuwa naenda kwenye kona yangu asubuhi kwa mazoea, natazama ile simu isiyo na hata mstari mmoja, narudi ndani. Nilikuwa nimefika Waamuzi. Nilijijua, nikajua kwamba nikiacha hapo, nimeacha.

Ayeyo alikuwa akiniona. "Bole, daktari," akasema, maana p mdomoni mwake hutoka b. "Mama nasikia nini sasa?"

"Hasikii kitu, Ayeyo. Simu imekufa."

Akashangaa, si kwa sababu ya simu bali kwa sababu yangu. "Simu amekufa, mdomo yako nayo amekufa? Zamani kijana yangu alikuwa Jidda. Simu hakuna. Mimi naingia chumba, naweka kaseti, nasema yote: mvua iko hivi, ngamia amezaa, shangazi yako amekasirika. Nabeleka kwa dereva wa lori. Yeye nasikia Jidda, yeye nasema ndani ya ingine, narudisha. Miaka mingi hivyo. Hakuna mtu alisema tumebotea."

Nilijiona mjinga, lakini wa aina ya furaha. Asubuhi ile ile nikaanza kurekodi kwenye simu. Sura kadhaa kila siku, na kila baada ya muda kadi ndogo ya simu inayohifadhi sauti inaingia kwenye bahasha ya dawa, dereva wa gari la chanjo anaifikisha Wajir, kondakta wa basi anaishika hadi Mwingi, mdogo wangu anaipokea stendi. Katika kadi ya kwanza kabisa mbuzi wanasikika kuliko Samsoni. Mwishoni Ayeyo alininyang'anya simu na kumsalimu Mwaitu mwenyewe: "Mama ya daktari, salaam aleikum. Mimi naomba Mungu afungue mdomo yako. Binti yako nasoma fisuri, lakini nakula kidogo."

Nilijivunia sana mpango huo. Ruthu nilimsoma, Samweli wote wawili, Wafalme wote wawili, na mnara ungali umelala. Nilijiona nimeshinda watu waliouchoma. Kisha kadi moja ikarudi kutoka Mwingi, na ndani yake mdogo wangu alikuwa amerekodi majibu.

"Dada," alisema, na nilisikia uchovu wake, "usikasirike. Anasikiliza kama mtu anavyosikiliza redio. Ikiisha, amelala. Nikimuuliza jambo hanijibu. Siku hizi hata ile haya hasemi. Nafikiri tumwache apumzike. Unamsomea mto."

Nilikasirika. Nilikasirika hata nikataka kuitupa ile kadi ndani ya zizi iliwe na mbuzi. Nilikuwa na majibu mengi makali ya kumpelekea, na kwa bahati nzuri kondakta alikuwa hayuko karibu. Nilipotulia, nikaisikiliza tena rekodi yangu mwenyewe, sura moja ya Wafalme, ili nijue nilichokuwa nampa mama yangu. Nilisikia mwanamke mwenye haraka. Anasoma kama basi la Wajir linalotaka kuwahi kizuizi kabla hakijafungwa. Hapumui, hamsubiri mtu. Mdogo wangu alikuwa amesema kweli: ile ilikuwa redio. Na kama ile haya ya mwisho ilikuwa imezimika, basi mimi ndiye niliyekuwa nimeichukua nafasi yake kwa sauti yangu. Hofu ikanishika, kwa maana miezi ilikuwa inakwenda.

Mnara ulirudi bila sherehe. Mafundi walikuja na askari, wakapanda, wakashuka, na asubuhi iliyofuata simu zikalia mji mzima. Nilikwenda konani nikiwa na Biblia, nikaifungua nilipoishia, na nilipoona kilichokuwa mbele yangu nikataka kucheka. Mambo ya Nyakati ya Kwanza. Majina. Sura baada ya sura ya majina ya watu, fulani akamzaa fulani, sehemu ambayo hata wachungaji huigeuza haraka. Nikawaza: huyu mama hawezi kusema maji, nami nimletee Mahalaleli? Nikaamua kwamba nitaziruka zote hadi hadithi zitakaporudi.

Niliposimama pale nikitafuta ukurasa wa kuhamia, Ayeyo alikuwa jikoni akipika anjera za asubuhi, zile chapati laini za Kisomali, na wajukuu wake wamekaa mstari mbele ya moto. Hili nilikuwa nimeliona kila asubuhi bila kuliona. Hakuna mtoto anayepewa anjera katika jiko lile kabla hajataja ukoo wake. Wasomali wanaita abtirsi: jina lako, la baba yako, la baba wa baba yako, unapanda hivyo babu kwa babu hadi kwa yule mkubwa aliyewazaa wote. Wale wakubwa waliyataja kwa mkupuo, mikono tayari imenyooshwa. Zamu ikafika kwa mjukuu mdogo kabisa, msichana ambaye bado alikuwa hajaacha kunyonya kidole.

"Wewe ni nani?" Ayeyo akamuuliza kwa Kisomali, maneno ambayo hata mimi nilikuwa nimeshayajua.

Akajitaja.

"Mtoto wa nani?"

Akamtaja baba yake.

"Naye mtoto wa nani?"

Kimya. Mtoto akatazama dari. Ayeyo hakumwambia jibu. Hakumharakisha, hakuondoka. Alikaa tu na anjera ile mkononi, mvuke unapanda, uso umemwelekea mtoto kana kwamba hana kazi nyingine duniani. Wale wakubwa walitaka kumnong'oneza, akawanyamazisha kwa jicho. Mwishowe jina likatoka, dogo, limepinda kidogo. Ayeyo akalipokea, akauliza la juu yake.

Nilisimama pale nikasahau simu. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Nikageuza kurasa, nikarudi kwenye majina, nikamwambia Ayeyo kwamba haya ndiyo niliyotaka kuyaruka, nikamsomea mstari wa kwanza kwa sauti: Adamu, Sethi, Enoshi. Nikaendelea hadi Nuhu, nikafika kwa Ibrahimu na Ismaili.

Akageuka na mwiko. "Hawa mimi najua! Hiyo ni abtirsi, daktari. Abtirsi ya watu yote. Hiyo ndiyo ulitaka kuacha?"

"Mama hawezi kusema, Ayeyo. Haya majina ni magumu."

"Na huyu?" Akamwonyesha mjukuu aliyekuwa anatafuna anjera yake. "Huyu alikuwa naweza? Wewe nasoma haraka haraka, unamaliza beke yako. Nani nakujibu? Uliza, alafu ngoja."

Nikapiga simu. Mdogo wangu akapokea kwa furaha, akaweka spika. Nikamsalimu Mwaitu.

"Mwaitu, leo ni majina," nikasema. "Adamu. Mwana wake ni nani?"

Kimya. Nikasikia kuku wa kwetu. Nikasikia mdogo wangu akisogea.

"Mtandao umekatika?" akauliza.

"Haujakatika. Usimwambie. Tunangoja."

Kungoja kwenye simu ni kazi ngumu kuliko kusoma. Kila kitu ndani yako kinataka kuujaza ule ukimya, na kampuni ya simu inaulipisha kama maneno. Siku hiyo hakukuwa na jibu, wala kesho yake. Nikawa nasoma jina, nauliza la pili, nangoja, kisha nalisema mwenyewe polepole na kuuliza la tatu. Tulikuwa tunavuka mistari miwili mitatu kwa asubuhi nzima, kisha kesho narudi pale pale kwa Adamu. Mdogo wangu alidhani nimerukwa na akili. Alinivumilia kwa sababu nilimwomba kwa adabu, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwangu.

Jibu lilikuja asubuhi ambayo nilikuwa na mafua. Niliuliza, "Adamu. Mwana wake?" nikageuza uso kupiga chafya. Kwenye simu kukawa na pumzi nzito, kama mtu anayesukuma mlango uliovimba kwa mvua. Kisha:

"Se."

Nikaibana simu sikioni.

"Sethi," akasema Mwaitu.

Nililia, na sioni sababu ya kuficha. Nililia nimeshika waya wa zizi, na Ayeyo akatoka jikoni akidhani nimeletewa habari ya msiba. Nilipomwambia, alipiga makofi mara moja, akasema "Alhamdulillahi," akaniletea anjera ya moto iliyopakwa samli. Alisema mwenye kujibu ni mama lakini mama yuko mbali, basi nile mimi.

Nikakumbuka jioni zile nyumbani tulipokuwa watoto, Mwaitu akirudi kutoka gumbaru na karatasi zake. Mwalimu wao alikuwa anawapa majina ya Biblia kuwa mazoezi. Mwaitu alitueleza kwamba maneno mengine unaweza kuyakisia ukijua hadithi, lakini jina halikisiwi, sharti ulisome silabi kwa silabi hadi likubali. Ndivyo alivyokuwa ameyapitia yale majina yote, kwa jasho, tena na tena, mwaka baada ya mwaka. Hizo sura ambazo wengine tunazifungua na kuzifunga, yeye alizifyeka kwa mikono yake. Haikunishangaza tena kwamba njia ya kurudi ilikuwa huko.

Kutoka siku hiyo tulikwenda mbele, kwa hatua ndogo na mara nyingine kwa kurudi nyuma. Enoshi alikuja kesho yake. Kenani alisumbua. Methusela alimchekesha, akashindwa kumaliza. Baadaye mdogo wangu akaanza kuniletea habari za mchana: amesema maji. Amesema chumvi, na kwa kweli mboga haikuwa na chumvi. Amemwita paka. Kulikuwa na siku mbaya ambapo hata Adamu hakuitika, na siku ambazo simu ilizima au gari la wagonjwa liliniwahi kabla sijasoma, na wiki nzima ya mvua ambapo mtandao uliingia na kutoka kama mgeni asiyejua kama anakaribishwa. Sikuhesabu hayo kuwa kushindwa. Tulikuwa tukirudi pale tulipoachia na kuendelea. Nilikuwa nimeacha kabisa kuwaza kwamba kusoma ni kutovunja siku hata moja. Ni kujua ulipoweka kidole.

Lakini yalikuwa ni maneno moja moja. Jina, kitu, jina. Sentensi haikuja. Hakuwahi kuanzisha mazungumzo mwenyewe, na kwenye simu alikuwa anajibu tu anapoulizwa. Mdogo wangu alimrudisha kliniki, na daktari akafurahi, ila akasema kwa uangalifu kwamba pengine hapo ndipo atakapoishia, na tushukuru. Nilishukuru. Lakini moyoni sikukubali, na usiku huo huo nikamwambia Mungu wazi kwamba sikubali.

Tukafika sura ya sita, wana wa Lawi na makuhani. Kwa wakati huo tulikuwa tumezoea: siku nyingine nilimuuliza, siku nyingine nilimsomea tu polepole naye akilifuata jina moja moja nyuma yangu. Asubuhi hiyo nilikuwa nasoma. Wajukuu wa Ayeyo walikuwa wanagombania sukari, mbuzi mmoja alikuwa amezaa na mwanawe anapiga kelele, nami nilikuwa na jicho moja kwenye ukurasa. Finehasi akamzaa Abishua, Abishua akamzaa Buki, Buki akamzaa Uzi. Nikaenda hivyo. Amaria akamzaa Ahitubu. Ahitubu akamzaa Sadoki. Katika ukoo ule majina hujirudia, wajukuu huitwa kwa mababu kama kwetu Ukambani, na kuna Ahitubu wawili na Sadoki wawili. Jicho langu lilitoka kwa Sadoki wa kwanza likatua kwa Sadoki wa chini, na mimi bila habari nikaendelea kwa sauti nzuri:

"Sadoki akamzaa Shalumu, Shalumu akamzaa—"

"Umeruka."

Nilidhani ni mdogo wangu.

"Nani amesema?" nikauliza.

"Si mimi," mdogo wangu akasema. "Dada, si mimi."

Kisha ile pumzi nzito, na sauti ya Mwaitu, nzito, ya upande mmoja, lakini ya kwake, ile ile iliyokuwa ikituamsha alfajiri.

"Umeruka watu. Ahimaasi. Rudi."

Nikatazama ukurasa. Ni kweli. Nilikuwa nimewaacha nje Ahimaasi na wenzake, vizazi kadhaa vya watu, naye aliwakuta hawapo. Mdogo wangu alikuwa akilia waziwazi kwenye simu. Ayeyo alisimama mlangoni akinitazama nilivyoshika mdomo, na wajukuu walikuwa wameacha kugombana.

Nikarudi kwa Sadoki wa kwanza, nikaweka kidole chini ya mstari. Nikaanza kusoma, lakini sauti ikatoka kama uzi.

"Sauti," akasema Mwaitu. "Sisikii."

Nikafuta uso kwa leso, nikapaza sauti, nikamsomea wale watu wote niliokuwa nimewaacha.